Je, wajua kwanini bonanza la siku moja linaweza kuamsha barabara ya maduka iliyolala?

Utasikia watu wanalalamika hivi, wafanyabiashara wa mtaa wamechangishana, wameleta spika na MC, watoto wamekimbia na magunia, mama lishe wamepanga majiko, jioni kila mtu karudi kwake na Jumatatu barabara ni ileile, sasa hela yetu imefanya nini? Swali la haki kabisa. Na ukweli ni kwamba siku yenyewe wenye maduka wengi hawauzi kitu, anauza mwenye soda, mwenye mishkaki na mwenye maputo, yule wa vifaa vya ujenzi anakaa tu kwenye kiti anaangalia watu maana nani anakwenda kwenye bonanza kununua misumari.

Faida iko kwingine, piga hesabu uone. Chukua barabara yoyote ya mtaa hapa Moshi, iwe Majengo, iwe Pasua. Kwenye makazi ya watu gari mwisho wake ni kilomita 50 kwa saa, hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde, na frem ya kawaida ya duka ina upana wa mita 3 hivi, kwahiyo aliye kwenye daladala anapitwa na frem nne na ushee kwa sekunde moja, hapo asome bango gani? Anayetembea anapewa sekunde mbili kwa kila frem, na akisimama kusalimiana ndo anaona mpaka bei. Sasa ukizuia magari siku moja, mtu anayeishi nyumba ya nne kutoka hapo anagundua kumbe kuna fundi wa blenda miaka yote, halafu wiki tatu mbele blenda yake inaungua na anajua pa kwenda. Hiyo hela haiandikwi popote kwamba imetoka kwenye bonanza ila ndo ilikotoka.

Mwaka 2010 wakazi wa Oak Cliff kule Dallas, Marekani, walichukua kipande cha barabara yao kwa wikiendi moja tu, wakachora njia ya baiskeli kwa rangi, wakaleta miti ya kwenye vyungu na meza, wakafungua vimaduka vya muda, tena wakabandika hadharani sheria za mji walizokuwa wanazivunja (huku kwetu usijaribu hilo, utalala ndani). Badala ya kubishana kwenye vikao miaka na miaka, watu wakaona kwa macho barabara ikiwa hivi inakuwaje. Sisi tunaanza na barua kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi trafiki, na TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, maana tangu 2017 barabara za mitaani ziko chini yao na hata mtaro usiuguse bila kuwauliza.

Nimeutaja mtaro makusudi. Simama jioni mbele ya frem yenye mtaro wazi uangalie tu. Kuna ubao umelazwa juu yake, umepinda katikati, kijana wa toyo anaruka bila hata kuugusa, dada mwenye mchuchumio anautazama na kuendelea na safari yake, mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi anasimama ng'ambo anaita "kaka nipimie sukari nusu uniletee hapa hapa". Huyo angalau kaita. Wengine wanapitiliza na mwenye duka anasema biashara ngumu siku hizi. Slabu moja ya zege, yaani saruji, kokoto na nondo kidogo, kwangu mimi inashinda MC wa aina yoyote, ila bila bonanza hakuna anayekaa chini kuichangia.

Taa nayo ni hivohivo. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, watu wanashuka kutoka kazini saa moja, na muda huo ndo frem zinafungwa kwasababu giza. Ukibaki umefungua peke yako hupati mteja unapata wasiwasi. Lazima mkubaliane wote, kila frem taa moja nje mpaka saa tatu, na makubaliano ya namna hiyo hayatoki kwa watu ambao hata namba za simu hawajapeana. Lile grupu la WhatsApp la michango ya bonanza, pamoja na kero zake zote za "nani hajatoa", ndo linakuja kuleta taa.

Wamarekani hili la barabara kuhitaji mtu wa kuwaunganisha wenye maduka walilishtukia mapema. Mwaka 1977 shirika lao la kuhifadhi majengo ya kihistoria lilianza majaribio kwenye miji mitatu midogo, Galesburg, Madison na Hot Springs, ambayo maduka ya katikati ya mji yalikuwa yanakufa kwasababu wateja wamehamia maduka makubwa ya nje, na kila mji ukapewa meneja wa kudumu ambaye kazi yake ni barabara ile tu. Huku mara nyingi tunamtegemea mtu mmoja mwenye moyo, akihama frem kila kitu kinakufa.

Kitu kingine ni wenye nyumba. Barabara ikichangamka kodi inapanda, mpangaji mpya anadaiwa kilemba, yaani hela ya kuipata frem nje ya kodi, na yule fundi wa blenda aliyechangia slabu anahamishwa na slabu yake inabaki. Wenye nyumba wakae kwenye kamati tangu mwanzo, nao watoe mchango, na suala la kodi lizungumzwe kabla hata spika haijakodiwa.

Na tarehe jamani. Wengi wanakimbilia Desemba Wachaga wakija kuhesabiwa, mji umejaa, hela ipo, lakini mwezi wa kwanza wote hao wamerudi Dar na blenda zao. Masika usiguse. Mimi ningeweka Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, mwezi wa saba au wa nane, watakaokuja ni walewale wanaolala mtaani.