Kijumba cha magurudumu kinataka waya wake

Mimi ni fundi umeme hapa Portland, Oregon. Baridi ikianza tu, simu zinaingia kutoka kwa watu wanaoishi kwenye vijumba vya magurudumu, vile vinavyojengwa juu ya trela na kuegeshwa uani kwa mtu. Tatizo lao ni lile lile: umeme unakatika usiku kucha.

Kuna dada mmoja simsahau. Waya wa ekstensheni ulitoka dirisha la jikoni la nyumba kubwa, ukapita juu ya majani mabichi yenye maji, ukaingia kwake kwenye tundu la sakafu. Nilishika plagi, inachoma, plastiki imeshakuwa ya kahawia. Hita moja ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 120 inavuta ampea 12.5, na breka ya soketi ile, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, ilikuwa ya ampea 15; ukiwasha kitu kingine tu, inakata. Mtoto wake alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale. Nikamuuliza mbona hakuita fundi mapema. Akasema, fundi akiomba kibali, mkaguzi atajua tunaishi hapa, tutafukuzwa.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Mbele ya sheria, kijumba chake kilikuwa gari, na kuishi ndani ya gari uani kulikuwa kosa. Mwaka 2018 kanuni za ujenzi za mfano, zile ambazo majimbo na miji ya Marekani huzichukua kama kiolezo, zililegeza masharti kwa nyumba zisizozidi futi za mraba 400, lakini zenye magurudumu zikabaki nje.

Miji ndiyo iliyofungua mlango: kule California, Fresno mwaka 2016 na Los Angeles mwaka 2019. Kwetu hapa Portland, kanuni za kuruhusu vijumba hivi zilianza kutumika Agosti 2021. Uwanja wenye nyumba unaruhusiwa kijumba kimoja. Kikiwa na choo au sinki, lazima kiungwe kwenye bomba la maji taka. Kama hakina, mkazi awe na ruhusa ya kutumia choo cha nyumba kubwa.

Tangu hapo kazi yangu imebadilika. Nachimba mtaro wa inchi 18, napitisha waya ndani ya bomba la plastiki kutoka kwenye boksi la umeme la nyumba, nasimamisha nguzo yenye soketi ya ampea 30 au 50. Mkaguzi anakuja kuangalia kabla sijafukia. Kazi hiyo si rahisi mfukoni, na naona halmashauri ingebeba sehemu ya gharama, maana mwenye kijumba mara nyingi ni yule aliyeshindwa kodi ya chumba kimoja. Na bado ardhi si yake. Ndiyo maana kila mteja namsihi aandikiane na mwenye uwanja kabla sijashika sululu.

Yule dada nilimfungia soketi ya ampea 50. Karatasi ya mkaguzi ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na kila nikipita ananifungulia niione.