Kahawa, chai na ujauzito: tazama saa kabla ya kuhesabu vikombe

Swali la kahawa halikosi kliniki ya wajawazito, na mara nyingi haulizi mama mwenyewe. Anauliza mama mkwe, au dada mkubwa aliyemsindikiza, kwa sauti ya mtu anayetaka aungwe mkono: "Dokta, mwambie aache hiyo kahawa, mtoto atazaliwa mweusi." Rangi ya mtoto ameshapewa na wazazi wake siku mimba ilipotungwa, na hakuna kinywaji kitakachoibadilisha. Hilo nalimaliza haraka. Lililobaki linahitaji muda zaidi, maana kafeini, kile kichangamsho kilichomo ndani ya kahawa na chai, ina mipaka yake kwa mjamzito, na kwa akina mama wengi ninaowahudumia hatari kubwa haiko hata kwenye hiyo kahawa wanayogombezwa.

Nianze na kipimo. Mjamzito anaweza kunywa kahawa au chai, ila jumla ya kafeini kwa siku isizidi miligramu 200. Uingereza ilishusha kiwango chake kutoka 300 hadi 200 mwaka 2008, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kikaweka 200 mwaka 2010, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikafika hapo hapo mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa 2016, linasema mwanamke anayezidi miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mimi nasimamia 200.

Kwa nini mjamzito awe na mpaka wake? Kafeini huvunjwavunjwa na ini, kwa kimeng'enya ambacho kazi yake hupungua kadiri mimba inavyokua. Mwanamke asiye na mimba huondoa nusu ya kafeini aliyokunywa kwa muda wa saa tano hivi. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, nusu hiyo hiyo inaweza kuchukua hadi saa 15. Piga hesabu: umekunywa kikombe chenye miligramu 100 saa kumi jioni. Kesho yake saa moja asubuhi, unapowasha jiko kuchemsha chai, miligramu 50 za jana bado ziko mwilini, na kikombe kipya kinapanda juu yake. Ndiyo maana mama aliyekuwa akinywa vikombe vitatu maisha yake yote bila shida anajikuta mwezi wa nane moyo unamwenda mbio na usingizi hauji, na hakuna alichobadilisha.

Mtoto naye yumo. Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na ini la mtoto aliye tumboni halina uwezo wa kuivunja. Anategemea ini la mama yake limwondolee, na ini hilo ndilo hilo lililopunguza kasi. Pia kafeini huamsha homoni zinazobana mishipa ya damu, na damu ndiyo inayompelekea mtoto chakula na hewa. Hapo ndipo hofu ya uzito pungufu inapotokea.

Je, hofu hiyo imethibitishwa? Nalieleza hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu mitandaoni utakutana na anayekuambia kikombe kimoja kinaua mimba, na mwenzake anayekuambia kahawa haina neno lolote, na wote wawili wana utafiti mkononi.

Tafiti nyingi zinafanywa kwa kuwauliza wanawake wanakunywa kiasi gani, kisha kuwafuatilia hadi wajifungue. Mara nyingi zinaonyesha kwamba wanywaji wakubwa ndio wanaopoteza mimba zaidi. Lakini kuna mtego. Mimba inayoendelea vizuri kwa kawaida huja na kichefuchefu miezi ya mwanzo, na mwanamke mwenye kichefuchefu hata harufu ya kahawa haitaki. Mimba ambayo tayari ina hitilafu mara nyingi huwa na homoni kidogo, kichefuchefu kinakuwa hafifu, na mama anaendelea kunywa kama kawaida. Mimba ikiharibika, kahawa inaonekana imehusika, kumbe tatizo lilishakuwepo. Watafiti hujaribu kulitenganisha hilo, na kulitenganisha kabisa ni kazi ngumu.

Kuhusu uzito wa mtoto tuna jaribio zuri kutoka Denmark, lililochapishwa 2007. Wanawake zaidi ya 1,200 waliozoea kunywa angalau vikombe vitatu kwa siku waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kahawa ya kawaida, wengine kahawa iliyoondolewa kafeini, kwa nusu ya pili ya ujauzito. Watoto wa pande zote mbili walizaliwa na uzito unaolingana, na wakati wa kuzaliwa haukutofautiana. Kisha 2021 ukaja utafiti wa Marekani uliopima kafeini ndani ya damu ya wanawake zaidi ya 2,000. Waliokuwa na kafeini nyingi zaidi walizaa watoto wepesi kwa gramu 84 kuliko wale wasiokuwa nayo au waliokuwa nayo kidogo sana, na wengi wao walikuwa chini ya ile 200. Gramu 84 ni kidogo kwa mtoto wa kilo tatu na nusu. Kwa mtoto ambaye tayari anakua kwa shida, kwa sababu ya malaria au lishe duni ya mama, sitaki apoteze hata hizo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: 200 ni ukuta, si lengo la kufikia. Anayeweza kubaki kwenye kikombe kimoja abaki. Na aliyekunywa viwili vikali kabla hajajua kwamba ana mimba asilale macho akijilaumu. Hakuna ninachokiona kwenye tafiti hizi kinachohalalisha majuto hayo.

Miligramu 200 jikoni ni kiasi gani? Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga wa kuyeyuka kina kama miligramu 100. Kikombe kikubwa cha chai iliyokolea, 75. Soda ya kola ya mililita 330 ina kama 40. Kahawa ya kuchemsha ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu inategemea mbegu. Robusta, ambayo ndiyo inayolimwa zaidi Kagera, ina kafeini takribani mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro na Mbeya. Kijiko cha chakula cha unga wa kahawa kina kama gramu tano. Ukiwa wa robusta, hapo umeshagusa miligramu 100. Ukiwa wa arabika, 60 hivi. Mama wa Bukoba anayeniambia "nakunywa kikombe kimoja tu" namuuliza vijiko vingapi, na kama anatafuna zile mbegu anazokaribishiwa mgeni. Kuzitafuna kunampa kafeini yote, hakuna inayobaki kwenye machicha. Kule pwani, kwa kahawa chungu ya finjani, kikombe ni kidogo lakini mtu hanywi kimoja. Hesabu finjani zote za jioni hiyo pamoja.

Kuna na kafeini ambayo mama hajui kwamba anainywa. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vinavyoitwa enaji, siku hizi viko kila duka la mtaani, na wasichana wanavinywa kama soda. Geuza chupa usome: nyingi huandika kafeini kwa kila mililita 100. Ikiwa ni miligramu 32, kopo la mililita 250 lina 80 na chupa ya nusu lita ina 160, pamoja na sukari nyingi na vikorombwezo vingine ambavyo havina kazi kwa mjamzito. Hivi nasema viachwe kabisa hadi baada ya kujifungua na kunyonyesha.

Halafu kuna vidonge vya maumivu. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, na dozi ni vidonge viwili, yaani 130. Mama ameumwa kichwa, amemeza viwili na kunywa chai juu yake: siku yake imekwisha kabla ya saa nne. Nyingine zinazouzwa dukani kwa kidonge kimoja kimoja zina aspirini pamoja na kafeini, na aspirini mjamzito hatumii mpaka aandikiwe. Paracetamol ya kawaida, isiyochanganywa na kitu, inatosha.

Sasa nifike kwenye chai, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito wa Tanzania wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini ukosefu wa madini ya chuma uko juu kwenye orodha. Chuma chetu tunakipata zaidi kwenye mimea: maharage, mchicha, matembele, kunde. Chuma cha mimea mwili hukifyonza kwa shida, na chai ya majani ina viasili vinavyokishika tumboni kikapita bila kufyonzwa. Kahawa hufanya hivyo pia, ila chai imezidi. Katika utafiti mmoja wa miaka ya 1980, chai iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 64, na kahawa kwa 39. Hili halihusiani na kafeini, kwa hiyo kuhesabu miligramu hakutakusaidia. Kuweka maziwa hakusaidii pia. Chai ya maziwa na ya rangi ni mamoja hapa.

Mazungumzo yanayonirudia kliniki ni haya. Damu ya mama iko gramu tisa, ni pungufu, na kadi inaonyesha amechukua vidonge vya FEFO, vile vya chuma na asidi ya foliki, kila mwezi.

"Mama, vidonge vya damu unameza kweli?"

"Nameza, dokta. Kila siku."

"Unamezea nini?"

"Chai ya asubuhi. Nikimezea maji vinanichefua."

Na anasema kweli. Vidonge vinachefua, chai ya tangawizi inatuliza, akaona amepata dawa mbili kwa mpigo. Miezi mitatu amemeza kwa uaminifu, na sehemu kubwa ya chuma imetoka chooni.

Huyu simwambii aache chai. Namhamishia saa. FEFO ameze usiku kabla ya kulala, baada ya chakula, kwa maji au juisi ya chungwa, kwa sababu ndimu, chungwa na mapera husaidia chuma kufyonzwa. Akilala, kichefuchefu kinamkuta usingizini. Choo kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida, asiogope.

Kuhusu chakula, utafiti uleule una jambo zuri la kujua: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuathiri chuma, lakini iliyonywewa saa moja baada ya kula iliathiri sawasawa na iliyonywewa na chakula. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakula ubwabwa na maharage, tunateremshia na chai. Chai itangulie mlo, au isubiri saa mbili na zaidi. Chai ya saa nne ofisini au shambani imekaa mahali pazuri sana, mbali na kifungua kinywa na mbali na chakula cha mchana. Ukiinywa na andazi au kiazi kitamu hupotezi kitu kikubwa. Inayokugharimu ni ile ya pembeni ya sahani ya mboga za majani na kunde. Asubuhi, anayetaka kitu cha moto achemshe maji na tangawizi bila majani ya chai. Tangawizi haina kafeini, na kwa kichefuchefu inasaidia kweli.

Anayetaka kupunguza kahawa apunguze taratibu, nusu kikombe kila siku mbili tatu. Ukikata ghafla, kichwa kitakuuma siku ya kwanza na ya pili, na uchovu unaweza kuendelea hadi wiki.

Lakini hilo la kichwa lisikilize vizuri. Kama mimba yako imepita wiki 20 na kichwa kinakuuma sana, usikae ukisema ni kahawa niliyoacha. Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo wakupime presha na mkojo, hata kama ni usiku, hata kama tarehe ya kliniki ni wiki ijayo.