Mzee akihema, msikimbilie umri

Juzi tena. Mzee wa miaka 74 kutoka Marangu kaletwa kliniki hapa Moshi na wanawe. Namwuliza siku hizi anatembeaje, kabla hajafungua mdomo, mwanawe mkubwa anadakia: "Dokta, baba ameshakula chumvi nyingi, kuhema ni umri tu. Kumpasua kifua si ndiyo kumuua?"

Nikarudisha swali kwa mzee mwenyewe. Mwaka jana, akasema, alipanda kutoka barabarani hadi kihambani bila kusimama. Sasa anasimama kwenye mparachichi, kwenye mfereji, tena getini.

Vituo vitatu ndani ya mwaka mmoja! Umri hauendi mbio hivyo. Kifuani nikasikia muungurumo mkali unaopanda hadi shingoni, na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha vali ya aota, ule mlango unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, imekakamaa kwa chokaa, tundu lake halifiki sentimita moja ya mraba. La mtu mzima mwenye afya ni tatu hadi nne.

Vali iliyobana namna hiyo haina kidonge cha kuifungua. Lasix, dawa ya kukojoza, itapunguza maji miguuni, basi. Mgonjwa akishaanza kuhema, kuzimia au kubanwa kifua, asipobadilishiwa vali, wengi hawavuki miaka miwili mitatu. Kinachoniudhi ni familia kupima hatari ya upasuaji kana kwamba kubaki nyumbani ni salama. Kubaki nyumbani nako kunaua, tena taratibu, mgonjwa akilala ameketi.

Kabla ya kushauri upasuaji, sisi tunaangalia figo, mapafu, sukari, kiharusi cha zamani, kumbukumbu. Namwambia mzee ainuke kwenye kiti bila kushika popote, kisha atembee nikimtazama. Mtu wa miaka 78 anayelisha ng'ombe wake mwenyewe anaweza kuwa salama kuliko wa 66 mwenye figo mbovu.

Wanaoninyima usingizi ni wa katikati: amekonda, hatua fupi, mikono haina nguvu. Je, ni vali iliyomdhoofisha, na akiwekewa mpya atarudi? Au mwili wenyewe umechoka? Vipimo havinitenganishii vizuri. Nimewahi kushauri upasuaji, moyo ukapona, akili isirudi kama zamani. Nimewahi pia kumzuia mtu, akaishi kwa tabu muda mrefu kuliko nilivyodhani. Wote wawili bado nawakumbuka.

Vali ya kupitishia kwenye mshipa wa pajani, bila kupasua kifua, ipo. Alain Cribier alimwekea mgonjwa wa kwanza kule Ufaransa mwaka 2002, na inawafaa hasa wazee. Kwetu kikwazo ni bei.

Kuhusu aina ya vali: kwa aliyevuka miaka 65, mara nyingi tunapendelea vali ya nyama ya mnyama. Hudumu miaka kumi hadi kumi na tano, pengine zaidi, na kwa mzee huchakaa polepole kuliko kwa kijana. Asiyetaka ya nguruwe aseme mapema, ya ng'ombe ipo. Vali ya chuma haichakai kirahisi, ila inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na kupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara.

Na hapo nakuja kwenye mchicha. Nani aliwaambia anayemeza warfarini aache mboga za majani? Ale! Ale kiasi kilekile wiki kwa wiki, nasi tutapanga dozi kulingana na sahani yake. Hatari ni kukaa miezi bila jani, kisha Desemba watoto wanarudi nyumbani, sufuria ya mnafu inapikwa kila siku, dawa inazidiwa na damu inaganda kwenye vali. Hatari nyingine ni metronidazo au diklofenaki ya duka la dawa: hapo anavuja damu, na familia inalaumu mboga.

Yule mzee nimemwandikia rufaa ya Dar es Salaam. Alipokuwa anavaa koti aliniuliza swali moja: "Nitapanda tena?" Nikamwambia tukifaulu, mparachichi na mfereji naamini atavipita bila kusimama. Getini siwezi kumwahidi.