Kwa nini paa la Notre-Dame lilichongwa kwa shoka

Kijana ninayemfundisha kazi alinionyesha kwenye simu yake video ya mafundi wa Ufaransa wakichonga magogo kwa shoka, jasho linawatiririka. Akacheka. "Fundi, hawa wana treni za chini ya ardhi, wameshindwa kununua msumeno wa umeme?" Nikamwambia tumalize dari kwanza, nitamjibu. Jibu likawa refu kuliko chai ya saa nne, ndiyo maana naliandika hapa.

Mimi ni seremala wa nyumba za kale Mji Mkongwe. Kazi yangu kubwa ni kutoa boriti zilizooza na kutia nyingine bila kuangusha ghorofa ya juu. Paa la Notre-Dame sijalipanda, lakini mti ni mti, na kazi ile nimeifuatilia tangu jioni ya 15 Aprili 2019 moto ulipoanzia darini mwa kanisa kuu lile la Paris.

Waliotazama picha siku ile wanakumbuka mnara mwembamba wa katikati ukivunjika na kuanguka, ukatoboa dari la mawe lililo chini yake. Wengi wanadhani mnara ule ulikuwa wa enzi za kale sana. La. Wa kale, wa karne ya 13, ulibomolewa mwishoni mwa karne ya 18 kwa sababu ulikuwa umechakaa. Huu ulioungua aliubuni Eugène Viollet-le-Duc ukakamilika mwaka 1859. Cha kale kwelikweli kilikuwa kile ambacho watu hawakukiona: kenchi za mwaloni zilizobeba paa, nyingi zikiwa za karne ya 13, zimesongamana hata Wafaransa wakaziita "msitu". Zote zikawa mkaa.

Mara tu baada ya moto serikali ilitangaza kuwaalika wasanifu wa dunia nzima walete mawazo ya mnara mpya. Vioo, bustani juu ya paa, kila mtu alikuja na lake. Julai 2020 ikaamuliwa kuwa kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Nilifurahi, halafu nikajiuliza: utarudishaje kama kilivyokuwa kitu ambacho ni majivu?

Kwa vipimo. Na vipimo walikuwa navyo kwa bahati. Mwaka 2014 wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamejipenyeza mle darini wakapima kenchi na kuzichora kwa mkono. Kabla yao, mwaka 2010, Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, alipita na mashine ya leza inayopima kuta na kuba kwa nukta zaidi ya bilioni moja. Tallon alifariki Novemba 2018, miezi mitano kabla ya moto. Fromont yeye akaja kuwa miongoni mwa wasanifu wakuu wa ujenzi huo, akifanyia kazi michoro yake mwenyewe. Hapo ndipo ninapowaonea wivu. Mimi nimefungua madari mangapi nikakuta boriti thelathini ambazo hakuna aliyewahi kuzipima, na nusu yake zimeshageuka unga wa mchwa?

Sasa turudi kwenye shoka.

Msumeno haujali mti umekaaje. Unakata mstari mnyoofu, na mti haukui mnyoofu kama rula; kila penye kombo msumeno unazikata nyuzi zake. Ubao utaonekana mzuri, lakini nyuzi zilizokatwa hazibebi mzigo kama zile zinazotoka ncha hadi ncha. Shoka linafuata nyuzi. Fundi anaweka gogo juu ya vigogo viwili, anapiga uzi wa chaki, anakata mapengo kila baada ya hatua fupi, kisha anabandua vipande vilivyo katikati. Mwisho anasawazisha kwa shoka la bapa pana, akitembea kandokando ya gogo. Anageuza, upande wa pili. Kiini cha mti kinabaki katikati ya boriti, kwa hiyo ikikauka inapasuka kidogo kidogo pande zote badala ya kujipinda upande mmoja. Na kazi inafanyika mti ukiwa mbichi, maana mwaloni ukikauka unakuwa kama chuma.

Kwa hiyo kila mti ulitoa boriti moja. Mafundi wa karne ya 13 hawakutafuta majitu ya msituni. Walitumia miti myembamba, mirefu, iliyokua kwa kubanana. Watu wa pwani hili hatuhitaji kuelezwa sana. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haitoki ndefu utakavyo, basi mti ndio unaomwambia mwashi ukuta ukae wapi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba shoka halikutumika kila mahali. Kenchi za karne ya 13 zilichongwa kwa mkono, kwa mashoka yaliyofuliwa maalumu kwa kazi hiyo. Mbao za mnara zilipasuliwa kwa msumeno, kwa sababu mnara ni wa karne ya 19 na mafundi wa wakati ule walipasua kwa msumeno. Wangeweza kuchonga zote kwa shoka, watalii wangepiga makofi, lakini ingekuwa uongo. Kwa mnara walihitaji miti mikubwa, mingine yenye umri unaozidi miaka 200, kutoka misitu kama Bercé. Ikaangushwa mwanzoni mwa 2021 kabla utomvu haujapanda.

Kwenye risasi, ile metali laini na nzito, ndipo nilipokwama. Paa la zamani lilifunikwa kwa mabati ya risasi, yakayeyuka, vumbi lake lenye sumu likasambaa hadi kazi ikasimamishwa kwa wiki kadhaa mwaka 2019. Wakarudisha risasi ileile. Najua hoja yao: inakunjika vizuri kwenye kona, inadumu, na uzito wake umo kwenye hesabu ya kenchi tangu mwanzo. Bado mimi ningesita, kwa ajili ya mafundi wanaoikata na kuichoma. Angalau safari hii wametandika darini mabomba ya kunyunyizia ukungu wa maji moto ukizuka.

Sanamu mpya ya jogoo wa kileleni mwa mnara ilipandishwa Desemba 2023, mita 96 kutoka chini, na milango ikafunguliwa Desemba 2024.

Kijana wangu nilimsimulia haya yote, naye hakusema kitu. Juzi nimemkuta amepiga magoti kando ya boriti tuliyoishusha, futi mkononi, anaandika kwenye daftari urefu, unene, na upande uliokuwa umetazama dirishani. Saba zake zinafanana na moja. Hilo tutalirekebisha.