Bustani ya vyombo Tabora: anza mvua zikikatika, na ujue chombo kilibeba nini

Kila mvua zinapokatika Tabora, kati ya mwisho wa Aprili na Mei, wanaokuja ofisi ya kata kuuliza kuhusu bustani za kwenye vyombo huongezeka, na wenye malalamiko huongezeka pia. Wengi huja na picha kwenye simu: vyungu vya krisanthemamu za njano na kabichi za mapambo za zambarau, vimepangwa kwenye ngazi za nyumba. Picha ni nzuri. Lakini zimepigwa Septemba au Oktoba huko Ulaya na Marekani, wakati kwao joto linapungua. Oktoba yetu ndiyo kilele cha joto na mvua bado. Mtu hupanda miche michanga jua likiwa kali kuliko mwezi wowote, kisha huja kulaumu mbegu.

Msimu wetu wa bustani hizi ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Panda Mei, mizizi ishike kabla jua la Septemba halijafika.

Krisanthemamu huchanua usiku unapokuwa mrefu. Hapa, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, urefu wa usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo ua hutoka mche ungali mfupi. Wakulima wa maua ya biashara huwasha taa usiku ili mche urefuke kwanza. Kabichi ya mapambo nayo hushika rangi kwa baridi ya nyuzi 10 kushuka chini, na usiku wa Tabora mara nyingi haufiki huko. Ukitaka rangi, weka mchicha mwekundu, krotoni na pilipili zilizoiva. Mchaichai usimame katikati, mrehani uuzunguke, matembele yaning'inie ukingoni. Ukitenga krotoni, ambayo ni ya kutazama tu, chombo hicho kinapendeza na kinalisha nyumba.

Sasa chombo chenyewe, na hapa naomba tusikilizane. Madumu ya viuatilifu vya tumbaku na pamba hayafai kupandia kitu chochote. Hayafai hata yakioshwa kwa sabuni, hata yakianikwa mwezi mzima. Plastiki hufyonza sumu na kuiachia taratibu, na mboga huichukua. Utaratibu uko hivi: dawa ikiisha, suuza dumu mara tatu, kila suuzo limimine kwenye bomba la kupulizia na ulinyunyize shambani, kisha toboa dumu lisitumike tena. Tatizo ni kwamba likishatobolewa, watu huliona ni chungu tayari. Kulitoboa ni kuliharibu. Usilichome moto wala kulifukia; lihifadhi mbali na watoto na chakula, umwone afisa ugani wa kata akuelekeze pa kulipeleka.

Mabaki ya tumbaku pia yasiingie kwenye chombo. Wapo wanaoyatandaza juu ya udongo kufukuza wadudu. Kirusi cha batobato ya tumbaku, ugonjwa unaotia majani mabaka, hubaki hai kwenye majani yaliyokaushwa, na huhamia kwenye nyanya na pilipili. Aliyetoka kufunga tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Kuhusu kupandia kwenye mifuko ya plastiki tunaulizwa kila siku, ingawa kanuni zipo tangu 2019. Kilichopigwa marufuku ni mifuko ya plastiki ya kubebea. Viriba vya miche ni vifungashio vya kilimo na havimo. Anayekutwa anamiliki au kutumia mifuko iliyokatazwa anatozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeuza, faini ni kati ya shilingi 100,000 na 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Kusema ulikuwa unapandia maua hakuugeuzi mfuko wa kubebea kuwa kiriba.

Toboa matundu chini ya ndoo, na acha kuweka kokoto chini ya udongo. Kokoto hazisaidii maji kutoka. Huyainua tu karibu na mizizi. Udongo mweusi wa mbuga usitumike peke yake, hupasuka ukikauka na kutuamisha maji ukilowa. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, moja ya samadi iliyooza na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa.

Visahani vya chini ya vyungu ndivyo vinavyoleta malalamiko ya majirani, na wana haki. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hukua kutoka yai hadi kuruka kwa takriban wiki moja, na mayai yake yaliyogandama kwenye kuta za kisahani hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Kisugue kisahani kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, au ukijaze mchanga.

Jirani akiwa na vyombo vinavyotuamisha maji, zungumza naye kwanza. Asiposikia, toa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kata au afisa afya. Afisa afya atakagua na kumpa notisi ya maandishi yenye muda wa kuondoa kero hiyo. Muda ukipita bila utekelezaji, shauri linaweza kupelekwa mahakamani. Usivunje vyungu vya mtu. Hilo nalo ni kosa, na tutalazimika kukuita wewe.