Vekta si jina la gunia

Wiki iliyopita nililetewa vekta kwa mara ya nne tangu baridi ianze, na kwa mara ya nne haikuwa vekta.

Kijana wa stesheneri moja hapa Mwanjelwa, Mbeya, alinitumia kwa WhatsApp nyota ya pembe nane. Kuna kikundi cha akina mama kinataka niishone kwenye blanketi la viraka. "Dada, hiyo ni vekta kabisa, ikuze unavyotaka haipasuki." Faili linaishia na svg, aina ya faili la kuhifadhia vekta, hilo kweli. Nikalifungua kwenye Inkscape, programu ya kuchorea vekta, nikasogeza karibu kwenye ncha ya nyota, nikakuta ngazi: vijimraba vya kijivu vimepandana mmoja baada ya mwingine. Nikabonyeza ncha ile nipate kuishika, haikushikika. Kumbe mtu aliipiga nyota picha kwa simu, akaitia ndani ya faili la svg, sawa na kujaza mahindi kwenye gunia lililoandikwa Mchele wa Kyela. Gunia halijawahi kugeuza mahindi.

Maana yenyewe ni fupi. Vekta ni mchoro unaohifadhiwa kama maelekezo: anzia hapa, nenda pale, funga. Picha ya kawaida huhifadhiwa kama vitone, kila kimoja na rangi yake. Ukikuza maelekezo, kompyuta inachora upya. Ukikuza vitone, unapata vitone vikubwa. Hiyo tu.

Ninalolipenda mimi ni neno, na nadhani tungelijua lilikotoka tusingedanganyana hivi. Asili yake ni Kilatini, kwenye kitenzi cha kubeba. Kwa Warumi vector alikuwa mtu anayebeba, na cha kuchekesha, jina hilohilo walimpa na anayebebwa, abiria wa merikebu. Yaani konda na abiria jina moja. Jaribu kuita hilo kwenye daladala ya Uyole saa kumi na mbili jioni. Baadaye wanafalaki wakaliazima kwa mstari unaotoka kwenye Jua hadi kwenye sayari, kana kwamba mstari huo ndio unaoibeba sayari kuizungusha. Miaka ya 1840 William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Dublin, akaliingiza kwenye hesabu, na kutoka huko ndiko tulikolipata sisi wa kidato cha nne: kitu chenye ukubwa na mwelekeo, kinachoitoa nukta hapa na kuifikisha pale. Watu wa afya nao wanalo. Mbu anayeeneza malaria kwao ni vekta, kwa kuwa amebeba vimelea. Kwa Kiswahili tungeweza kusema mchukuzi tu, na mimi nisingelalamika.

Kwenye mchoro wa kompyuta kinachobebwa ni ncha ya kalamu. Unaweza kuliona hilo kwa macho, maana faili la svg ndani yake ni maandishi. Lifungue kwa Notepad. Pembetatu yangu ya inchi moja imeandikwa hivi:

M 0 0 L 96 0 L 0 96 Z

M ni kuiweka kalamu mahali. L ni kuivuta kwa mstari ulionyooka hadi mahali pengine. Z ni kurudi ulikoanzia. Na 96 ni inchi moja, kwa kuwa ndivyo svg inavyohesabu. (Inkscape za kabla ya toleo 0.92 la mwaka 2017 zilihesabu 90. Mchoro wa inchi 12 uliotoka huko, ukiufungua kwenye toleo jipya na kujibu ovyo swali linalokuja, unakuwa inchi 11 na robo. Kitenge nilichokikata siku hiyo nimekigeuza mito.) Faili la yule kijana, nilipolifungua vivyo hivyo, lilikuwa na neno image, kisha herufi na namba zisizosomeka kurasa kwa kurasa. Hiyo ndiyo picha ya simu iliyogeuzwa maandishi ipate kuingia kwenye gunia. Hakuna M wala L. Hakuna anayekwenda popote.

Wapo wanaojitetea: basi nimeipitisha kwenye amri ya kufuatisha picha, kompyuta ichore mistari juu yake, sasa ni vekta. Kwa jina, sibishi. Kinachotoka hapo ni vekta halali. Ila hesabu nukta. Pembetatu inahitaji nukta tatu; niliyoletewa mwezi uliopita, iliyofuatishwa, ilikuwa na thelathini na saba, kwa sababu kompyuta ilitii kila kivuli na kila mkunjo wa karatasi iliyopigwa picha. Mstari uliopaswa kunyooka una vibonde. Pembetatu mbili zinazotakiwa kukutana kwenye mshono zinapishana, na ukishazikata kwenye kitambaa hakuna cherehani itakayozipatanisha. Utavuta huku, pale patafanya mkunjo.

Lakini kauli inayonikera kuliko zote ni hiyo ya "ikuze unavyotaka". Kwa bango la duka ni sawa. Kwa blanketi la viraka ni mtego, na humnasa hata mwenye vekta ya kweli.

Blanketi la viraka hujengwa kwa bloku, mraba mmoja unaorudiwa. Bloku ya kawaida ni inchi 12 ikishashonwa, na kila kipande ndani yake hukatwa na robo inchi ya ziada kila upande, ya mshono. Sasa chukua bloku ya inchi 6 yenye miraba tisa, tatu kwa tatu. Kila mraba ukishashonwa ni inchi 2, kwa hiyo unakatwa inchi 2 na nusu. Mtu amechora vipande vyake pamoja na ile robo ya mshono, halafu akaambiwa vekta haipasuki, akakuza mara mbili apate bloku ya inchi 12. Mraba wake sasa ni inchi 5. Cherehani yake haina habari kwamba mchoro umekuzwa. Inashona robo inchi ileile ya siku zote. Kila mraba unabaki inchi 4 na nusu, mitatu kwa safu ni inchi 13 na nusu. Amezidisha inchi moja na nusu kwenye bloku moja, na mchoro haukupasuka hata kidogo, umekua vizuri kabisa. Umbo linakua, mshono haukui. Ndiyo maana mimi huchora mistari ya mahali sindano itakapopita, nakuza mpaka niridhike, na robo inchi naiongeza mwisho kabisa, kipande kwa kipande.

Unene wa mstari nao una hila zake. Inkscape usipoibadili mipangilio hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake. Ukiandika upana wa inchi 4 kwenye mraba uliochorwa kwa mstari wa milimita 1, mraba wenyewe umepungua milimita 1. Panga mitatu, umepoteza 3. Kwenye bango nani ataona? Kwenye blanketi lenye bloku thelathini, kila mtu ataona ncha za nyota zimeliwa. Na ukifika stesheneri sema waprinti kwa asilimia 100, wasibane karatasi iingie. Mimi huchora kijimraba cha inchi moja pembeni na kukipima kwa rula kabla sijatoa hela.

Yule kijana nilimpigia, maana si mtu mbaya na ameniprintia mengi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ulichonitumia ni picha. Picha nzuri, rangi zote nimezitoa humo. Siku nyingine niandikie tu picha, nitajua nijipange vipi." Akanyamaza kidogo, akauliza sasa wateja wa mabango wanaokuja na flashi wakisema vekta, yeye ajuaje. Nikamwambia awaulize kimechorwa kwenye kompyuta au kimepigwa kwa simu, na wakisema hawajui, abonyeze ncha ya nyota aone kama inashikika. Akacheka, akasema atawakosa wateja nusu.

Nyota ya akina mama nimeichora upya jana usiku: miraba mitano, pembetatu kumi na sita, nukta tatu kila pembetatu. Chai haikupoa.