Daftari la madeni ya viazi: jinsi mahakama inavyopima pengo aliloacha marehemu

Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha barabara kwenye makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho hapa Kenya, na kuua watu 52, miongoni mwa waliokufa walikuwemo wachuuzi wa kando ya barabara, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa wakingoja gari. Mimi ni wakili hapa Nakuru, na kesi zangu nyingi ni za familia zilizofiwa barabarani. Siku ile nilijua kwamba kila familia itakayokwenda kortini kudai fidia itaulizwa swali hili: marehemu alikuwa akipata pesa ngapi kwa mwezi? Mwalimu ana peslipu. Mama wa viazi hana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hakimu huchukua mapato ya mwezi, akazidisha kwa 12 kupata ya mwaka, kisha akatoa sehemu ambayo marehemu angejitumia mwenyewe. Kwa mzazi aliyekuwa na mume au mke na watoto, mara nyingi thuluthi mbili ndiyo huhesabiwa kuwa ya nyumbani. Kinachobaki huzidishwa kwa idadi ya miaka ambayo mahakama inaona angeendelea kufanya kazi. Miaka hiyo hupunguzwa kidogo, kwa kuwa maisha yana misukosuko yake na pesa zenyewe zinalipwa kwa mkupuo.

Nitatoa mfano wa familia niliyoisimamia, ila nimebadilisha mambo yanayoweza kuitambulisha. Marehemu alikuwa na miaka 38. Alikuwa akiuza viazi kwa debe na ndoo kando ya barabara kuu, siku sita kwa wiki. Mume wake na mama yake mzazi walipokuja ofisini, mume alisema, "Wakili, sijui alikuwa anapata ngapi. Mimi nilikuwa naona watoto wamekula na karo imelipwa."

Jibu hilo ni la kweli kabisa, lakini hakimu hawezi kulizidisha kwa kitu chochote.

Wakili wa upande wa bima alisema kwamba bila hati tutumie kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2022 kibarua wa kawaida nje ya majiji na manispaa aliwekewa shilingi 8,109.90 kwa mwezi. Kwa thuluthi mbili na miaka 18 ambayo angeendelea kufanya kazi, hiyo inafika shilingi 1,167,825.

Ndipo mama mzazi akatoa kwenye kikapu daftari la kurasa 48, jalada limeloa mafuta. Marehemu aliandika humo madeni ya wateja: nani kachukua ndoo, nani kalipa nusu, nani kaahidi mwisho wa mwezi. Kurasa za nyuma aliandika bei ya gunia na nauli ya kulifikisha kibandani. Tulikaa nalo siku mbili. Tulichukua taarifa ya M-Pesa ya laini yake, na mweka hazina wa chama chao cha kuchangishana pesa akakubali kuja kutoa ushahidi kwamba mchango wa marehemu haukuwahi kuchelewa. Yule aliyemuuzia magunia alikuja pia. Ukiunganisha yote, faida ilikuwa kama shilingi 500 kwa siku, siku 24 kwa mwezi: shilingi 12,000. Thuluthi mbili ya mwaka ni 96,000. Kwa miaka 18, ni 1,728,000.

Tofauti inazidi shilingi 560,000. Imetoka kwenye daftari ambalo karibu litumike kuwashia moto siku za matanga.

Sheria iko upande wa watu hawa, na inaniuma kuona familia zikiambiwa vingine. Mwaka 2005, katika rufaa iliyotoka Kisumu kuhusu fundi seremala aliyesemekana kupata kama shilingi 4,000 kwa mwezi, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba kazi na mapato ya mtu huthibitishwa kwa vyeti na hati peke yake. Majaji walisema msimamo kama huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu na bado wanajipatia riziki. Kwa hiyo ushahidi wa mdomo unakubalika. Lakini uwe ushahidi wa mtu anayejua: aliyemuuzia, aliyenunua kwake, aliyeketi naye chamani. Jirani wa kusema tu kwamba "alikuwa mchapakazi" hatusaidii.

Pale mapato yanapokosa kushikika kabisa, hakimu anaweza kuacha hesabu ya miaka na kutoa kiasi kimoja cha jumla. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi aliyefariki akiwa mtoto wa shule. Mzazi hadaiwi kuonyesha kwamba mtoto alikuwa ameanza kumtunza. Mahakama zetu zimekubali kwamba hapa kwetu mtoto hutarajiwa kuwaangalia wazazi wake. Na marehemu akiwa mama ambaye kazi yake yote ilikuwa nyumbani, msikubali mtu aseme hakuwa na mapato. Kupika, kufua, kulea na kuteka maji ni kazi ambazo familia sasa italazimika kumlipa mtu azifanye.

Kuna madai mengine madogo, kama gharama za mazishi (wekeni risiti za jeneza na za gari la maiti), maumivu kabla ya kifo, na kupoteza matarajio ya maisha, ambayo mara nyingi hupewa takriban shilingi 100,000.

Kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Bima ya lazima ya gari hailipi zaidi ya shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja, na kinachozidi mnamdai mwenye gari. Mtu akikufuata mochari na karatasi ya kutia sahihi, mwambie arudi baada ya mazishi, na karatasi hiyo isomwe na mtu mnayemwamini. Ukishatia sahihi kwamba umelipwa na huna madai tena, kuifungua kesi upya ni vigumu mno.

Jambo la mwisho ndilo huwa zito ofisini kwangu. Kama watu wa kulipwa fidia, sheria inawataja mume, mke, wazazi na watoto, pamoja na wajukuu, babu na nyanya. Kaka na dada wa marehemu hawamo. Nimemwona kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akilipiwa karo na kaka yake, na nikalazimika kumwambia kwamba jina lake siwezi kuliandika.

Tena kesi ni moja tu kwa kifo kimoja. Marehemu akiwa na nyumba mbili, moja Molo na nyingine Vihiga, watoto wa nyumba zote waandikwe kwenye madai yale yale, maana hakimu ndiye atakayegawa na kusema fungu la kila mtoto litunzwe mpaka afikishe miaka 18. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla sijagusa hati yoyote, nauliza watoto wa marehemu ni wangapi, wote. Kisha nanyamaza. Mara nyingi wanatazamana kwanza, halafu mkubwa wao anaomba tutoke nje kidogo tuongee.